Ndengu zikiliwa ni kesi, maua yakiliwa ni kicheko

Pita mitaa ya pembezoni mwa mji wa Wote, au kwenye zile nyumba mpya zinazojengwa kati ya mji wa Kitui na Kwa Vonza, uangalie maua yanavyotunzwa. Waridi limezungushiwa matawi ya mgunga yenye miiba ya kutoboa gurudumu. Bogenvilia changa imevikwa gunia. Mche uliopandwa kando ya mlango umefunikwa chandarua kuukuu, na pembe za chandarua zimekandamizwa kwa mawe. Nje ya vizuizi hivyo mbuzi wa jirani anatembea apendavyo, kuku wanachakura, na mbwa ambaye hakuna anayekiri kumfuga amejinyoosha kwenye udongo uliomwagiliwa maji asubuhi. Chenye mizizi kimefungwa, chenye miguu kimeachwa.

Nimekuwa nikiliona jambo hili katika kaunti zote mbili, Kitui na Makueni, na kila nikiliona nazidi kuamini kwamba tumelipanga kinyume. Mwenye mnyama ndiye anayepaswa kumzuia mnyama wake. Amzuie msimu wa mvua na amzuie kiangazi. Na mnyama huyo akila maua ya mtu, hasara hiyo ihesabiwe kama hasara nyingine yoyote.

Najua wapo watakaocheka. Nchi ina ushuru, ina karo, ina bei ya unga, na huyu anaandika kuhusu maua! Nawaomba wavumilie kidogo, kwa sababu ugomvi unaoanzia kwenye kitalu cha maua haukai hapo.

“Si ni maua tu?”

Mama anakwenda kwa jirani kulalamika kwamba mbuzi wamemaliza mawaridi yake. Anajibiwa kwa upole, “Pole mwaitu, lakini si ni maua tu? Yatachipuka.” Mama huyo huyo angekwenda kusema mbuzi wamekula ndengu, mambo yangekuwa mengine kabisa. Wazee wangeitwa, shamba lingekaguliwa mstari kwa mstari, na mwenye mbuzi angeanza kujitetea kabla hajaulizwa. Ndengu ni chakula na ni karo. Serikali ya Charity Ngilu pale Kitui ilizipigia debe hadi kampeni yenyewe ikaitwa mapinduzi ya ndengu. Nani amewahi kusikia mapinduzi ya mawaridi?

Basi tuhesabu mche wa ua umemgharimu mama huyo nini. Kwanza kuna maji. Hapa si Limuru ambako ukungu wenyewe unamwagilia. Nyumba nyingi za Ukambani bado hutegemea mtungi, punda na foleni ya kioski cha maji, na maua hunywa yale yaliyokwisha kuosha vyombo na nguo. Kila beseni lililobebwa jioni hadi kwenye kitalu ni beseni la maji yaliyotumika mara mbili. Kuna mche wenyewe, ulionunuliwa kwenye kitalu cha kando ya barabara, mara nyingi kutoka kwa kijana au mama anayeendesha maisha kwa kuuza miche hiyo. Kuna samadi na udongo mwekundu ulioletwa kwa wilbaro. Halafu kuna miezi ya kungoja. Mbuzi mmoja humaliza yote hayo wakati mwenye nyumba amekwenda dukani kununua chumvi.

Na maua yana kazi. Siku ya ntheo, wageni wakifika kuleta mbuzi wa kumposa binti, picha zinapigiwa wapi? Mbele ya zizi? Mwenye nyumba za kupangisha mjini Kitui anajua kwamba ua uliopambwa humvuta mpangaji haraka kuliko ua tupu. Shule huweka vitalu vyao mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, makanisa huvizungushia mawe yaliyopakwa chokaa, na serikali ya kaunti ya Makueni ilitengeneza bustani ya umma katikati ya Wote watu wapate pa kupumzikia. Ikiwa bustani ya umma ni maendeleo, bustani ya mama wa kijijini inageukaje kuwa mchezo?

Kalenda ya mahindi

Chanzo cha shida hii si roho mbaya. Ni utaratibu wa zamani, tena mzuri, uliokutana na mambo mapya.

Ukambani una mvua mbili, ile ya Oktoba hadi Desemba ambayo wakulima huitegemea zaidi, na ile ya Machi hadi Mei. Mahindi, kunde na mbaazi zikiwa shambani, mbuzi hufungwa au huchungwa kwa makini, na asiyefanya hivyo hujua atakabiliana na kijiji kizima. Mavuno yakiisha, kamba hufunguliwa. Wanyama huingia mashambani wakala mabua na majani yaliyobaki, wakaacha samadi. Hakuna anayelalamika, kwa maana mbuzi wa huyu hula kwa yule na wa yule hula kwa huyu. Utaratibu huo ulilisha mifugo kwa vizazi bila mtu kununua hata gunia moja la chakula cha wanyama.

Maua hayamo katika kalenda hiyo. Hayavunwi Februari wala Julai, yapo mwaka mzima. Na ndipo balaa inapokuja, kwa sababu ifikapo Agosti au Septemba nchi nzima imekuwa rangi ya vumbi na kitu pekee chenye majani mabichi kijijini ni kile kitalu kidogo kando ya baraza kinachonyweshwa maji ya vyombo. Mbuzi si mjinga. Kuku naye anajua kwamba udongo uliolowa ndio wenye wadudu, na mbwa anajua kwamba ndio wenye ubaridi wa kulalia jua likiwa utosini. Mwenye maua amewaandalia karamu bila kukusudia, katika miezi ile ile ambayo sheria ya kijiji inasema wanyama wako huru.

Ongeza hapo kwamba mchungaji ametoweka. Zamani mtoto ndiye aliyekuwa kamba ya mbuzi. Tangu elimu ya msingi ianze kutolewa bila malipo Januari 2003, mtoto huyo yuko darasani, na hakuna mwenye akili timamu anayetaka arudi malishoni. Kaka zake wako Nairobi au Mombasa. Aliyebaki na mbuzi ni susu, yaani nyanya, na susu hawezi kukimbizana na beberu kwenye mawe.

Mashamba nayo yamekatwakatwa. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, Wote iligeuka makao makuu ya kaunti, na Kitui ikapata ofisi na wafanyakazi wengi zaidi. Ploti za hamsini kwa mia zimejaa mahali palipokuwa malisho. Mbuzi ambaye zamani alitembea kutwa bila kukutana na boma la mtu, leo akivuka njia moja amekwisha ingia nyumba tatu. Waswahili husema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Msemo huo umechafuliwa na wala rushwa wanaoutumia kujitetea, lakini mimi nauhitaji kwa maana yake ya kawaida kabisa: kamba ina mtu aliyeikata, na yeye ndiye aliyeamua mbuzi afike wapi.

Mtu ataniuliza kuhusu ukame, na ana haki. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 mvua ilikosekana misimu 5 mfululizo, na Kitui na Makueni zimo katika kaunti 23 kame ambazo zilitaabika. Mwenye mbuzi wanaokonda mbele ya macho yake hahitaji mahubiri kutoka kwa mpanda maua. Hata hivyo njaa ya mbuzi ni deni la mwenye mbuzi. Hawezi kulipeleka kwa jirani kimyakimya usiku.

Ngamia wa mwenzako

Kwa miaka mingi watu wa mashariki ya Kitui, kule Endau, Mutha na pande za Mwingi, wamelia kuhusu ngamia. Wachungaji kutoka Tana River na Garissa huvuka na mifugo yao malisho yakipungua, na ngamia, kwa shingo ile, hakuna ua wa miiba unaomzuia kufikia mwembe. Mashamba yameharibiwa, watu wamejeruhiwa, na wengine wameuawa. Kila mkutano wa usalama unapofanyika, wakazi husema jambo moja na wanasema kweli: kila ngamia ana mwenyewe, huyo mwenyewe atafutwe na alipe.

Nakubaliana nao neno kwa neno. Swali langu ni kwa nini kanuni hiyo inaishia mpakani. Ngamia wa mgeni ana mwenyewe, lakini mbuzi wangu aliyevunja ua wa jirani ni bahati mbaya? Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Pale Kibwezi na Mtito Andei, ndovu wa Tsavo akiharibu mimea, mkulima ana mahali pa kupeleka madai, kwa kuwa Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 inatambua fidia, ijapokuwa malipo yenyewe huchelewa hadi watu wakakata tamaa. Yaani tumekubali kwamba hata mnyama wa porini ana wa kumjibia. Aliyebaki hana wa kumjibia ni mbuzi wa nyumba ya pili.

Sheria ipo, imelala

Watu wengi hudhani suala hili halina sheria. Inayo. Sura ya 8 ya Sheria za Kenya, inayoongoza kazi za mahakama, inaruhusu kutumia kanuni za kimahakama za Uingereza zilizokuwapo tarehe 12 Agosti 1897, kadiri hali ya nchi yetu inavyoruhusu. Moja ya kanuni hizo ni kwamba mwenye ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda, nguruwe au hata kuku huwajibika mnyama wake akiingia ardhi ya mtu na kuharibu, bila mlalamishi kulazimika kuthibitisha uzembe. Mbwa na paka hawakuwekwa katika kundi hilo, na ndiyo sababu kesi ya mbwa huwa ngumu zaidi. Waingereza wenyewe walikwisha kuandika sheria mpya ya wanyama mwaka 1971. Kwa madai madogo, Bunge letu liliunda Mahakama ya Madai Madogo kwa sheria ya mwaka 2016, na kiwango chake hakizidi shilingi milioni 1.

Ila simshauri mtu akimbilie mahakamani kwa sababu ya waridi. Utashinda kesi na kupoteza jirani atakayekuazima wilbaro au kukupeleka hospitali usiku. Katiba yenyewe, katika Kifungu cha 159, inahimiza njia za jadi za kusuluhisha migogoro, na utui, yaani kijiji, una wazee wake. Ninachotaka ni kwamba wazee hao wakiketi, wapige hesabu ya maua kama wanavyopiga ya kunde: mche ulinunuliwa kwa bei gani, umekaa miezi mingapi, nani atalipa.

Kuna kipengele kingine cha Katiba ambacho karibu hakitajwi. Jedwali la Nne, kwenye orodha ya kazi za kaunti, linataja udhibiti na ustawi wa wanyama, likiwemo suala la leseni za mbwa na mahali pa kuwahifadhi wanyama. Hiyo ni kazi ya Kitui na Makueni, si ya Nairobi. Makueni imesifiwa kote nchini kwa kuwashirikisha wananchi kuanzia kijijini katika kupanga bajeti. Mikutano hiyo hujadili visima na zahanati. Mbuzi na mbwa wanaozurura wangepata nafasi pia, kwa kuwa hakuna kijiji wasichokuwako.

Mbwa si suala la maua peke yake

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu mbwa anayefukua kitalu chako usiku anaweza kuwa na jambo kubwa zaidi ya uchafu.

Kichaa cha mbwa kiligunduliwa nchini Kenya mwaka 1912, na Ukambani umekifahamu kwa uchungu. Serikali ilipoandaa mpango wa kuutokomeza ugonjwa huo ifikapo 2030, Kitui na Makueni zilikuwa kati ya kaunti za mwanzo zilizochaguliwa. Ulimwenguni kote, karibu visa vyote vya binadamu hutokana na mbwa, na wataalamu wanasema ni lazima angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe ili ugonjwa ukatike. Sasa utamchanja vipi mbwa ambaye hana mwenyewe? Siku ya chanjo ikitangazwa sokoni, mbwa anayeletwa kwa kamba ni yule anayelala nyumbani. Yule wa vitalu vya watu habebwi na mtu, na mkishamuuliza mwenyewe kuhusu uharibifu, anasema, “Huyo si wangu, huja tu kula.”

Mtoto akiumwa na mbwa wa namna hiyo, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo apate chanjo. Dalili zikishaanza, hakuna tiba. Familia inatumia nauli, inapoteza siku za kazi, inarudi kwa dozi nyingine na nyingine. Yote hayo kwa sababu mtu alifuga mlinzi wa bei rahisi asiyemlisha wala kumfunga.

Paka nao wana makosa yao. Hupenda udongo laini kwa haja zao, na kinyesi chao si kitu cha kushikwa kwa mikono mitupu, hasa na mama mjamzito anayepalilia. Vaa glavu, uendelee na kazi.

Linda, usiue

Hasira ikizidi, mtu hufikiria sumu. Anachanganya dawa ya wadudu na nyama, anaitupa kando ya ua. Naomba asifanye hivyo hata siku moja. Sumu haimchagui mlaji wake. Atakula mbwa, atakula kuku wa mwenye sumu mwenyewe, atakula tai atakayetua juu ya mzoga, na mtoto anayetambaa ana mkono wa kuokota chochote. Sheria ya Adhabu inamhesabu mhalifu anayemuua au kumlemaza mnyama wa mtu kwa makusudi, na Sura ya 360 inakataza ukatili kwa wanyama. Utaanza ukiwa mlalamishi, umalizie ukiwa mshtakiwa.

Mpaka majirani wabadilike, mwenye maua ana njia zake. Ua wa kaiyaba hukua polepole, lakini ukishikana hata ndama hapiti. Mkonge huvumilia kiangazi, na watu wa Kibwezi wanaujua tangu zamani kwa ajili ya mashamba makubwa yaliyo huko. Vigingi vya itula huchipuka vikichomekwa ardhini kabla ya mvua, na babu zetu walizungushia maboma kwa mti huo. Manyara ni rahisi kuotesha, ila utomvu wake unaweza kuharibu macho, kwa hiyo usiupande karibu na watoto wanapochezea. Bogenvilia ikikomaa ni ukuta wa miiba, lakini ikiwa changa mbuzi huiona mboga, na hapo lile gunia lina maana.

Ua ukishindikana, chagua mimea isiyopendwa. Kiluma, yaani mshubiri, ni mchungu na huishi kwa maji kidogo. Waridi la jangwani, lile lenye shina nene na maua ya waridi, huota lenyewe kwenye miamba ya Kitui, na utomvu wake una sumu, hivyo mwambie mtoto asiuguse. Watu wanalipuuza kwa sababu ni la porini, halafu wananunua mche wa kigeni unaokufa Agosti. Huo ni upotevu.

Kuku huzuiwa kwa mawe yaliyopangwa kuzunguka shina, kwani hachakuri mawe, na kwa waya wa kuku uliolazwa chini ya udongo wa juu. Paka hukerwa na vijiti vilivyochomekwa karibu karibu. Mbwa huvutwa na harufu, kwa hiyo usifukie mabaki ya samaki au mifupa kitaluni kama mbolea. Majivu na pilipili hufanya kazi hadi mvua ya kwanza tu. Matairi makuukuu na magunia yaliyoinuliwa juu ya mbao huweka mche mbali na kuku, na mbuzi anaposimama kwa miguu miwili utakuwa umeshasikia kelele.

Gharama ya yote haya, hata hivyo, isibaki kwa upande mmoja. Wenye ploti jirani wangeweza kufanya mwethya, yaani kazi ya pamoja, wa siku moja, wakapanda ua wa mpakani kabla ya mvua ya Oktoba, kila mmoja akaleta vigingi vyake na mwenye mbuzi wengi akaleta zaidi. Mwethya umechimba mitaro na umejenga madarasa, na ua wa mita hamsini ni kazi ndogo kwake.

Kwa wawakilishi wadi wa kaunti hizi mbili: leteni mswada unaosema mifugo izuiwe mwaka mzima ndani ya miji na masoko, mbwa wasajiliwe na wachanjwe, na uharibifu wa mimea ya nyumbani ulipwe hata kama mimea hiyo hailiwi na binadamu. Mamlaka mnayo kwa Katiba ya 2010. Na kwako wewe unayesoma gazeti hili Jumapili mchana huku hujui mbuzi wako wako wapi, inuka ukawatafute sasa, kabla jirani hajawapata.